Paka Hata Pasipowasha

Leo nina kisa cha tyubu moja ya dawa.

Miaka hiyo nilikuwa kijana, nauza kwenye duka la dawa mjini Tanga, nimevaa koti jeupe lililonizidi mabega. Bibi mmoja aliingia, akafungua fundo la kanga, akatoa tyubu iliyokunjwakunjwa kuanzia mkiani na kuiweka mezani. "Mjukuu wangu," akasema, "dawa yako haina nguvu. Wiki ya tatu hii napaka, na mtoto bado anajikuna mpaka kunapambazuka." Nikaishika, nikaibonyeza. Krimu ilikuwa bado imo, kama nusu hivi.

Ile tyubu ilikuwa inaniambia kila kitu, ila mimi sikujua kuisikiliza. Ilikuwa dawa ya upele, permethrini ya asilimia 5, gramu 30. Kiasi hicho ni cha kumpaka mtu mzima mmoja, kwa usiku mmoja. Mtoto wa miaka saba atatumia pungufu yake, lakini naye kwa usiku mmoja. Sasa tyubu iliyokaa wiki tatu na haijaisha, imepakwaje? Imepakwa kwa ncha ya kidole, tone hapa, tone pale, kati ya vidole na kwenye kifundo cha mkono, pale ambapo ngozi imechubuka na macho yanaona. Bibi alikuwa anabana matumizi. Dawa ni ghali, naye hakutaka kuipoteza kwenye ngozi nzima ya mtoto ambayo haina kitu.

Nikamwuzia nyingine. Nilimwambia hii ni kali zaidi. Zilikuwa zile krimu za mchanganyiko, na bado zipo hadi leo, ambazo ndani yake wametia dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi juu yake. Mtoto akalala usingizi kama siku nne. Bibi akapita dukani kunishukuru, na mimi nikajiona daktari. Baada ya wiki mbili akarudi na watoto watatu, wote wanajikuna, na yule wa kwanza amejaa vipele mpaka kiunoni.

Steroidi hupooza mwasho na kufifisha wekundu, basi. Mdudu anayeleta upele haimfanyi lolote. Chini ya ngozi iliyotulizwa anaendelea kuchimba na kutaga kwa raha zake, na mtaalamu akija kuangalia, upele hauonekani tena kama upele. Naomba jambo hilo lishike sikio lako, kwa sababu krimu hizo ndizo za kwanza kutajwa na jirani, na duka lolote litakuuzia bila kukuuliza swali.

Aliyenifumbua macho ni tabibu wa ngozi aliyekuwa akipita kwenye zahanati ya jirani. Alisomea Moshi, pale KCMC, kwenye kituo kilichoanza mwaka 1992 kufundisha matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Nilimsimulia habari za bibi nikitarajia atanitajia dawa kali kuliko zangu. Akaniuliza, "Wanalala wangapi kwenye mkeka mmoja?" Sikujua. "Uliwauliza?" Sikuwauliza. "Basi hukuuza dawa," akasema, "uliuza krimu."

Upele, msikilizaji, ni kazi ya mdudu. Ni jamaa ya utitiri wa kuku, lakini huyu ni wa binadamu, na mdogo kiasi kwamba jike lake, ambalo ndilo kubwa, halifiki nusu milimita. Jike hutoboa tabaka la juu la ngozi, likatembea humo polepole, likitaga mayai mawili matatu kwa siku. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na kwa muda wa wiki mbili hivi kinda limekuwa mzazi. Halina mbawa, haliruki kama kiroboto. Linahama kwa kutambaa, ngozi ikigusana na ngozi kwa muda. Kupeana mkono msibani si hoja sana. Hoja ni kulala pamoja, kubeba mtoto, kumwogesha mgonjwa, mume na mke, watoto wanne kwenye godoro moja, vijana wa bweni waliobanana kwenye kitanda kimoja kwa sababu ya baridi.

Utashangaa kwamba mambo haya yalijulikana zamani sana, na waliokuwa wakiyajua walipuuzwa. Mwaka 1687 mganga wa Kiitalia, Giovan Cosimo Bonomo, pamoja na mfamasia Diacinto Cestoni, walimtazama mdudu huyu kwa hadubini wakaandika kwamba ndiye anayeleta upele. Nini kiliwaelekeza? Waliona wanawake maskini wakiwatoa watoto wao vidudu hivyo kwa ncha ya pini, na watumwa wa Livorno wakifanyiana hivyohivyo. Waganga wakubwa wakatikisa vichwa. Wao walisema upele unatoka kwenye damu chafu. Mwaka 1812 mwanafunzi mmoja wa Paris akadai amempata mdudu, akachora na picha, kumbe, wakaja kusema wenzake, alichochora ni mdudu wa jibini. Ndipo mwaka 1834, hukohuko Paris, mwanafunzi aliyetoka Corsica, Renucci, akachukua sindano mbele ya wakubwa na kumtoa mdudu mwenyewe kwenye mkono wa mgonjwa. Sindano ile alijifunza kwa akina mama wa kwao. Karibu miaka 150 imepita hapo katikati, watu wanajikuna, na jibu liko jikoni.

Hata sisi tuna methali, Mungu humpa upele asiye na kucha. Tunamsikitikia mtu huyo. Tabibu wangu alikuwa akisema huyo asiye na kucha ana bahati, maana kucha ndefu zinachubua, kidonda kinaingia bakteria, na mdudu na mayai yake wanajificha chini ya kucha humohumo. Siku ya dawa, cha kwanza ni wembe au kikata kucha.

Sasa turudi kwenye mwasho, maana huo ndio unaotudanganya. Mtu anayepata upele mara ya kwanza katika maisha yake hukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa. Mwasho si mdudu anayeuma. Ni mwili unaomkataa mdudu, mayai yake na kinyesi chake, na mwili huchukua muda kumjua mgeni. Akishawahi kuugua, mara ya pili ataanza kuwashwa baada ya siku chache tu. Kwa hiyo nyumba yenye mtoto mmoja anayejikuna ina watu wengine ambao wameshabeba na hawana habari. Wamelala fofofo. Wiki tatu baadaye wanamrudishia mtoto yule yule aliyekwisha kupona, na mama anasema dawa imeshindwa.

Hata mahali pa kuwasha si mahali pa mdudu. Mgonjwa wa kawaida mwenye mwili wote unaomwasha usiku, ukihesabu majike yaliyokomaa, utayakuta kumi, labda kumi na tano. Kumi tu, mwili mzima! Haya yaligunduliwa kwa subira kubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, mjini Sheffield, Uingereza. Mtaalamu wa wadudu aitwaye Kenneth Mellanby alipewa kazi ya kupunguza upele jeshini. Akakusanya vijana waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao, wakakubali kuambukizwa kwa hiari. Akawalaza uchi kwenye mablanketi yaliyotoka kwa askari wenye upele, hayajafuliwa. Akawavika nguo za ndani za wagonjwa. Usiku baada ya usiku. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Alipowalaza kitanda kimoja na mgonjwa, hapo upele ukaja. Jeshi lilikuwa linapoteza nguvu nyingi kuchemsha mablanketi, na adui yumo kwenye ngozi za watu.

Nakisimulia kisa cha Sheffield kwa sababu nimeona magodoro yakichomwa moto uani. Nimeona mama akiuza kuku wake wote ili anunue godoro jipya, halafu akabaki bila pesa ya tyubu ya pili. Godoro halina kosa kubwa. Mdudu akianguka kutoka kwenye ngozi ya mtu hamalizi siku tatu. Fua mashuka ya kutandika na ya kujifunikia, kanga, taulo na nguo zilizovaliwa siku hizo tatu za mwisho, kwa maji ya moto kama unayo, anika juani, piga pasi. Vile visivyofulika, fungia kwa siku kadhaa, wiki moja ukipenda. Zamani tungesema weka kwenye mfuko wa plastiki ufunge. Tangu mwaka 2019 ile mifuko ya kubebea imepigwa marufuku kwetu, basi ndoo yenye kifuniko au gunia lililofungwa mdomo litafaa. Godoro litoe juani, usilitumie siku mbili tatu kama nafasi ipo. Nguvu iliyobaki peleka kwa watu.

Na watu wanapakwaje? Nitakueleza kama yule tabibu alivyomweleza bibi, mbele yangu, bila haraka.

Chagua jioni moja ambayo wote wako nyumbani. Wote, maana yake kila anayelala humo, anayewashwa na asiyewashwa, pamoja na baba anayesema yeye hana kitu. Wapakwe usiku mmoja. Oga mapema kwa maji ya kawaida, jifute, acha ngozi ikauke na ipoe. Usipake mara tu baada ya kuoga maji ya moto, ngozi hunywa dawa kuliko inavyotakiwa. Halafu anza shingoni ushuke. Paka kila mahali, hata pasipowasha. Hapo tabibu alisimama, akarudia: hata pasipowasha. Kati ya vidole, viganja, kwapa, chini ya matiti na kuzunguka chuchu, kitovu, kiuno, makalio, sehemu za siri kwa nje, nyuma ya magoti, nyayo, chini ya kucha. Mgongo upakwe na mwenzako, usijidanganye kwamba unaufikia. Mtoto mchanga na mzee sana wapakwe na kichwani na usoni, ukiepuka macho na mdomo, kwa sababu kwao mdudu hupanda huko. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili asipakwe permethrini mpaka aonwe na mtaalamu.

Lala nayo. Iache mwilini kwa muda wa saa nane hadi kumi na nne, asubuhi uoge. Ukiamka usiku ukanawa mikono, ipake tena mikono hiyo. Watu wengi wameshindwa hapo tu, kwa sababu ya choo au ya kumnyonyesha mtoto. Mama anayenyonyesha aoshe titi kabla ya kumpa mwana, kisha arudishe dawa akimaliza. Baada ya siku saba, rudia kila kitu, mara moja. Ile ya pili inawawinda waliokuwa mayai siku ya kwanza.

Halafu ukome. Ndilo gumu kuliko yote, na hapa mwasho unadanganya kwa mara ya mwisho. Wadudu wakishakufa, mabaki yao bado yamo kwenye ngozi, na mwili unaendelea kuyakasirikia kwa wiki mbili, tatu, hata nne. Mgonjwa anaona anawashwa, anapaka tena. Anapaka kila siku. Ngozi inakauka, inaungua, inawasha zaidi, naye anaongeza. Nimewaona waliofika zahanati ngozi imebabuka, hakuna hata mdudu mmoja, dawa ndiyo iliyokuwa imegeuka ugonjwa. Kipindi hicho tumia mafuta mepesi ya ngozi, na tabibu anaweza kukupa kidonge cha kupunguza mwasho usiku. Ukiona mwezi umepita na vipele vipya vinatoka, rudi ukaonwe, usirudi dukani.

Wengi wenu mnaijua zaidi BBE, ile ya maji meupe kama maziwa, yenye harufu kali. Ni dawa nzuri, ya miaka mingi, na bei yake inavumilika. Itikise chupa kabla ya kupaka. Inachoma, hasa mahali palipochubuka, na kwa watoto huzimuliwa kufuatana na umri. Kazi hiyo mwachie mfamasia, na muda wa kukaa nayo na idadi ya siku fuata alichokuandikia, maana si sawa na ile krimu. Ombi langu moja kwa wenye maduka, msimwekee mtu BBE kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu ataiona maziwa. Halafu ipo marhamu ya salfa, inanuka, inachafua shuka, lakini ni pole kwa wajawazito na watoto wachanga, na haijafutwa kwenye vitabu vya matabibu.

Vipo na vidonge, ivermektini, ile ile inayogawiwa kwenye kampeni za matende na mabusha. Humezwa kwa kupimwa uzito, mara mbili kwa kupishana siku kadhaa, na haipewi mjamzito wala mtoto aliye chini ya kilo 15. Huko Fiji watafiti walijaribu kutibu visiwa vizima, wenye upele na wasio nao, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kwenye visiwa vya vidonge, upele ulishuka kutoka asilimia 32 ya watu hadi chini ya 2 baada ya mwaka. Kwenye visiwa vya krimu ulishuka pia, kutoka kama 42 hadi 16. Nadhani tofauti haikuwa ya dawa peke yake. Kidonge kinamezwa mbele ya mhudumu na kazi imekwisha, wakati krimu inategemea mkono wa mtu, nyumbani kwake, gizani, amechoka.

Kuhusu mafuta ya taa, oili chafu ya gari na dawa ya kuogeshea ng'ombe, sitasema mengi. Sumu ya kupe imepimwa kwa ngozi ya ng'ombe. Ngozi ya mtoto iliyojaa mikwaruzo inaifungulia sumu hiyo mlango mpaka kwenye damu, na watu wameshapoteza watoto kwa akili hiyo.

Na ukiona vidonda vinatoa usaha, usianze na krimu ya upele wala ya duka. Nenda kituo cha afya, usaha utibiwe. Bakteria wanaoingia kwenye upele wana tabia ya kuumiza figo. Mtoto mwenye vidonda vya upele akiamka uso umevimba, au mkojo wake umekuwa na rangi ya chai, hiyo ni safari ya siku hiyohiyo. Vilevile mtu ambaye ngozi yake imeota magamba mazito, mara nyingi mtu ambaye kinga yake imeshuka, huyo hana wadudu kumi, ana maelfu, na hatibiki kwa tyubu ya kununua. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto mwaka 2017. Mimi ningesema haukusahauliwa, ulionewa haya.

Haya hiyo ndiyo iliyokuwa nyumbani kwa bibi. Watoto walipoanza kujikuna, lawama ilimwangukia binti wa kazi, aliyekuwa akilala nao mkeka mmoja. Wakasema kauleta yeye, hana usafi. Akapewa nauli, akapandishwa basi la Lushoto. Lakini upele hautokani na uchafu. Unaweza kuoga mara tatu kwa siku na mdudu akaoga pamoja nawe.

Baada ya maelezo ya tabibu, watu saba wa nyumba ya bibi walipakwa usiku mmoja. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo tarehe niliyomwandikia kwenye boksi la dawa haikumsaidia. Alichukua pindo la kanga akapiga mafundo saba, na kila alfajiri akawa anafungua moja. Fundo la mwisho lilipofunguka, wakapakwa tena.

Alirudi dukani siku ya pili yake, pindo limenyooka. Watoto walikuwa bado wanajikuna kidogo, akasema, lakini wanalala. Akataka tyubu mbili zaidi. Nikamwuliza ni za nani, maana nyumba yake ilikuwa imemaliza.

"Za yule binti," akasema. "Niandikie kwenye karatasi, apake, kisha arudie mara moja baada ya wiki, kama mlivyoniambia mimi. Na uandike kwamba wapakwe wote wanaolala naye. Basi la saa nne linaondoka sasa hivi, konda wake namjua."